Farasi kwenye barabara mbovu: mwongozo kamili wa kumpanda na kumwongoza

Ukiwa umekaa juu ya tandiko, inama utazame chini. Utaona bega la farasi, singa zake na ncha ya kiatu chako. Kwato huzioni. Naye mwenyewe, jiwe likishapita chini ya pua yake halioni tena, na miguu ya nyuma inakanyaga mahali anapopakumbuka tu. Kwenye njia iliyoshindiliwa vizuri jambo hilo halina uzito. Kwenye barabara yenye mashimo, kokoto zilizolegea, lami iliyomegeka na kalavati zilizotitia, hilo ndilo tatizo lenyewe. Kilo 500 za mnyama, na wewe mgongoni, mnapita mahali ambapo hakuna kati yenu anayeona anapokanyaga.

Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hapo: mpe farasi nafasi ya kutazama kabla hajafika, na akishafika mwachie shingo yake. Nimefuata mpangilio wa safari yenyewe, kuanzia bandani hadi asubuhi ya siku inayofuata. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye sehemu ya kushuka mgongoni na ile ya magari, kwa sababu huko ndiko watu wanakoumia.

Farasi anavyoona na anavyojisawazisha

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, kama nyuzi 350 hivi. Asipopaona ni kipande kidogo mbele ya paji la uso na chini ya pua, pamoja na ukanda mwembamba nyuma ya mkia. Akitaka kukagua ardhi iliyo karibu hushusha kichwa; akitaka kuona kilicho mbali hukiinua. Mpanda aliyekaza hatamu fupi amemnyima yote mawili, halafu anashangaa kwa nini farasi wake anajikwaa kila baada ya hatua kumi.

Jambo la pili ni mwanga. Macho yake huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea mabadiliko. Mkitoka kwenye jua kali mkaingia chini ya miti, wewe utaliona shimo baada ya kitambo kidogo, yeye bado. Ndiyo maana utamwona akiruka kivuli cha nguzo kilicholala barabarani kana kwamba ni mtaro, kisha anatumbukiza mguu kwenye mtaro wa kweli ulio kivulini. Huo si ukaidi, na kumpiga hakusaidii. Punguza mwendo kila mwanga unapobadilika, hata kama barabara ni ileile.

Jambo la tatu ni uzito. Farasi aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, nawe unakaa karibu na miguu hiyohiyo. Akijikwaa kwa nyuma, mara nyingi mtayumba tu. Akijikwaa kwa mbele anaweza kupiga magoti. Kinachomwokoa ni shingo: huirusha mbele na chini, kisha huinuka nayo, kama mtu anayevuka juu ya gogo akitanua mikono. Ukivuta hatamu wakati huo, umemfunga mikono mtu aliye juu ya gogo.

Hatua ya 1: Kagua kwato, vifaa na njia

Anza na kwato, zote nne, hata kama unatoka kwa nusu saa. Inua mguu, chokonoa uchafu kuanzia kisigino kwenda ncha ya ukwato, na uwe mwangalifu kwenye ile nyama laini ya pembetatu iliyo katikati ya wayo. Tazama kama kuna jiwe lililojibana pembeni mwake, mpasuko, au harufu ya kuoza. Kama amevalishwa viatu vya chuma, pitisha kidole kwenye ncha za misumari zilizokunjwa nje ya ukwato. Ncha iliyochomoza ina maana kiatu kimeanza kulegea, na tope la kwanza litakichukua. Kwa kawaida kwato hupunguzwa na viatu kurekebishwa kila wiki 6 hadi 8. Ukikaribia mwisho wa muda huo, usichague siku hiyo kwa safari ya kokoto.

Farasi asiye na viatu aliyezoea majani laini anahitaji wiki kadhaa za kuzoeshwa kidogo kidogo kabla ya kutembea juu ya mawe makali. Viatu vya mpira vinavyovalishwa na kuvuliwa vinafaa sana kwa kazi hii, ila vijaribu nyumbani kwanza: kiatu kinachozunguka mguuni katikati ya safari kinaleta balaa kuliko kutokuwa nacho. Chuma nacho kina ubaya wake. Kwenye lami iliyosuguliwa na magurudumu hadi inang'aa, chuma huteleza, na hatari huzidi mvua inapoanza kunyesha baada ya kiangazi, kwa sababu mafuta yaliyodondoka huelea juu ya maji.

Vifaa vya kubeba si vingi. Chini ya hatamu yenye lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, mvalishe hatamu ya kamba isiyo na lijamu, ili uwe na mahali salama pa kumwongozea na kumfungia. Beba kamba ya kuongozea ya kama mita 3, chuma cha kuchokonolea kwato, kisu, bandeji, kitambaa safi kinene na utepe mpana wa kunata. Wewe vaa helmeti, glavu na viatu vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye ukanasa kwenye kikuku, ile pete ya tandiko unayokanyagia. Vazi la reflekta livae hata mchana, na kama unazo bendi za reflekta zifunge kwenye miguu ya farasi: kitu kinachocheza huonekana kutoka mbali kuliko kilichotulia. Simu iweke mwilini mwako, usiiweke kwenye mkoba wa tandiko. Siku atakapokuangusha na kutimka, simu iliyo kwenye mkoba itatimka naye.

Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa kirahisi sana na ugonjwa huo, na barabara mbovu ni hazina ya misumari na mabati yenye kutu.

Mwisho, ipitie njia bila farasi, kwa miguu au kwa baiskeli. Ukiipita kwa gari huoni kitu. Weka akilini mahali pa kusubiri magari, mahali pa kushukia, na mahali pa kugeuzia. Mvua kubwa ikinyesha, hesabu kwamba hujawahi kuipita barabara hiyo.

Hatua ya 2: Chagua mwendo, kisha mstari

Kutembea, yaani kama kilomita 6 kwa saa, ndio mwendo wa barabara mbovu. Kwenye mwendo huo kwato hugonga chini moja baada ya nyingine, na kila wakati kuna miguu isiyopungua miwili ardhini. Kwenye telki, yaani mbio za polepole, miguu huenda jozi jozi kwa mshazari, na katikati kuna kitambo ambapo yote iko hewani. Mguu mmoja ukitua shimoni, msaada ni mdogo. Tena telki ya muda mrefu juu ya ardhi ngumu hutikisa viungo hata pasipo shimo lolote. Kuhusu shoti sina mengi: usipige shoti mahali ambapo hujapita kwa miguu siku hiyohiyo.

Tupa macho mita 10 hadi 20 mbele. Shimo lililo puani pake hulitatui tena, limeshakuwa lake. Kazi yako ni kuchagua mstari mapema, kumwelekeza kwa miguu na uzito wa mwili, kisha kunyamaza. Wapanda wengi hukosea hapa kwa nia njema kabisa. Wanamwongoza farasi hatua kwa hatua, mkono kushoto, mkono kulia, mpaka mnyama anaacha kutazama chini kwa sababu ana kazi ya kusikiliza mdomo wake. Mstari ni wako, hatua ni zake.

Hatamu iwe ndefu kiasi cha kumruhusu ashushe kichwa hadi usawa wa magoti, lakini si ndefu kiasi cha kuning'inia na kunasa. Mikono iwe mbele kidogo, viwiko vilegee. Akijikwaa, kaa wima, peleka mikono mbele, usivute. Mwili wako utataka kuvuta, na utataka pia kuegemea mbele ushike shingo. Vyote viwili vinamwangusha. Njia ya kuuzoesha mwili ni kupita juu ya magogo membamba yaliyolazwa uwanjani, kwa kutembea, mara nyingi, mpaka mikono ianze kwenda mbele bila kufikiri.

Sasa, mstari uwe wapi? Kwenye barabara ya changarawe, alama za magurudumu ndizo zilizoshindiliwa, na mawe yaliyolegea hurushwa katikati na pembeni. Kwa hiyo alama ya gurudumu ya upande wako mara nyingi ndiyo nzuri, alimradi unasikia magari. Pembeni kwenye majani panaonekana laini na panavutia, ila majani ndiyo yanayoficha chupa, waya na mdomo wa mtaro. Ukiingia majani, ingia kwa kutembea, na usipaingie kabisa kama huoni udongo katikati ya mashina.

Barabara nyingi zimenyanyuliwa katikati ili maji yamwagikie mitaroni. Kutembea kutwa upande mmoja wa mgongo huo ni sawa na kutembea ubavuni mwa kilima: miguu ya upande wa chini inachoka kwanza. Panapokuwa hapana magari na unaona mbali, mpe dakika chache za usawa.

Ukingo wa lami uliomegeka nao usiuchezee. Hiyo ni ngazi, wakati mwingine ya kimo cha kiganja, na ncha zake hubomoka. Usimtembeze farasi akiwa na miguu miwili juu na miwili chini. Chagua upande mmoja ukae huko, na ukilazimika kuvuka, vuka kwa kuukata ukingo moja kwa moja, polepole, akiwa na kichwa huru.

Maji, tope, miteremko na madaraja

Dimbwi kwa farasi ni kitu kisicho na kina kinachojulikana. Linaweza kuwa la kidole kimoja, linaweza kuwa kisima. Kwa bahati mbaya safari hii hata wewe hujui. Tafuta ushahidi: alama za matairi zinazoingia na kutoka upande wa pili, mawe yanayochomoza, povu linalozunguka mahali pamoja. Kama hakuna ushahidi, shuka upime kwa fimbo, au zunguka. Akisimama kunusa maji, mwache anuse. Kitakachokupotezea muda ni kumpiga mpaka aruke, kwa sababu akiruka hutajua atatua wapi. Maji yanayotembea yakifika magoti ya farasi na hujui chini kuna nini, rudi.

Tope ni hatari ya namna nyingine. Uzito mkubwa umesimama juu ya kwato ndogo, na tope zito likishakumbatia ukwato linang'ang'ania. Dalili ya kwanza utaisikia kabla ya kuiona: sauti ya kunyonya kila mguu unapotoka. Sauti hiyo ikianza na tope likapita kifundo cha mguu, usiendelee kwa matumaini kwamba mbele kutakuwa kugumu. Geuka ukiwa bado unaweza kugeuka. Farasi anayezama huanza kuruka ruka kwa hofu, na hapo ndipo kano hukatika.

Kwenye mteremko unaoteleza, mshushe farasi akiwa amenyooka. Akiteleza wakati amenyooka, miguu ya nyuma itateleza chini ya tumbo lake naye atakaa kidogo kisha ainuke. Akiteleza akiwa amekata mteremko kwa ubavu, miguu yote huondoka upande mmoja na ataanguka kwa ubavu, juu ya mguu wako.

Kwenye madaraja ya mbao, shuka kwanza uende peke yako. Kanyaga kila ubao, tazama misumari iliyochomoza na nafasi inayoweza kumeza ukwato. Kisha mvushe farasi katikati, mahali mihimili ilipo, mmoja mmoja kama mko wengi. Sauti tupu ya mbao humtisha kuliko urefu wa daraja, kwa hiyo mwache aweke mguu mmoja, asikilize, aurudishe akitaka. Kalavati huharibika kwa siri: maji hula udongo pembeni ya bomba na juu inabaki ganda. Ukiona ufa wa mviringo au mahali palipodidimia kidogo kandokando ya mdomo wa kalavati, pita katikati ya barabara au usipite kabisa. Kwenye kile chekeche cha vyuma kinachowekwa barabarani kuzuia mifugo, farasi hapiti kamwe; tafuta geti la pembeni. Na waya wowote uliolala chini baada ya dhoruba uhesabu kuwa na umeme.

Hatua ya 3: Shuka mapema

Kushuka si aibu, ingawa tunaokua karibu na farasi tunalelewa tukidhani ni aibu. Mtu aliyeshuka amempunguzia farasi uzito mbele, ameiona barabara kwa macho yake mwenyewe, na hawezi kuanguka kutoka juu. Tatizo ni kwamba watu hushuka wakiwa wamechelewa, farasi ameshaanza kuyumba, na kushuka kwenyewe kunakuwa ndiyo ajali.

Nashuka mimi mambo haya yanapotokea: nisipoona chini ya maji; ninaposikia lile tope; kwenye daraja lolote la mbao; anapojikwaa mara mbili mfululizo; giza linapoingia kabla sijafika; na pale ninapoanza kujishauri kama nishuke. Hilo la mwisho limenifaa kuliko mengine yote.

Simama mahali tambarare, mbali na ukingo, kabla ya kufika sehemu mbaya. Toa miguu yote miwili kwenye vikuku ndipo ushuke. Pandisha vikuku juu ya mikanda yake uvibane, kwa sababu kikuku kinachoning'inia hugonga ubavu na hunasa kwenye komeo na matawi. Pitisha hatamu juu ya kichwa chake, au bora zaidi funga kamba kwenye hatamu ile isiyo na lijamu, na umwongoze kwa hiyo. Ukijikwaa wewe huku umeshika lijamu, maumivu yatampata yeye.

Hatua ya 4: Kumwongoza kwa miguu

Mahali pako ni ubavuni, kati ya kichwa na bega, umbali wa mkono ulionyooshwa. Mkono ulio karibu naye ushike kamba kama nusu hatua kutoka kidevuni, mkono mwingine ushike kilichobaki kikiwa kimekunjwa mkunjo juu ya mkunjo, kama kitambaa. Usiizungushe mkononi. Usiizungushe hata kidole kimoja, hata kwa dakika moja, hata kwa farasi mzee anayesinzia. Ukimwachia kamba utamtafuta. Ukijifunga naye atakuburuta.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kumtangulia kwa mbele. Nililifanya kwenye kimtaro ambacho mtoto angekivuka kwa hatua moja. Maji yalikuwa yameikata barabara, nikavuka, nikasimama ng'ambo nikamvuta. Farasi jike niliyekuwa naye akakitazama, akashusha kichwa, akarudisha uzito nyuma. Nikadhani anakataa, nikaendelea kuvuta. Alikuwa anajipanga. Aliruka kama vile kimtaro kina upana wa mto, na alipotua bega lake lilinikuta kifuani. Niliamka na mbavu zinazouma kila nikicheka kwa wiki tatu. Farasi anayeongozwa huruka mahali ambapo angeweza kuvuka kwa kutembea, na huruka kuelekea kwa mtu aliyeshika kamba. Kwa hiyo kwenye kila mtaro, ufa au dimbwi, simama pembeni ya mstari wake, legeza kamba urefu wa mita mbili, mtazame mahali unapotaka aende badala ya kumkodolea macho usoni, na subiri.

Njia ikiwa nyembamba mno kwenda sambamba, tangulia ukiwa umejiegemeza upande mmoja, si katikati, na umwache nyuma yako kwa umbali ambao akishtuka hatakukanyaga visigino. Wakati wa kushuka mteremko umbali huo uongeze.

Kama barabara ina magari, wewe uwe kati ya gari na farasi. Hapo ndipo mazoea yanapotuangusha. Farasi wengi wameshikwa upande wa kushoto tangu utotoni, na magari yakitembea kushoto mwa barabara, upande wako sahihi ni kulia kwake. Mzoeshe pande zote mbili nyumbani. Barabarani, lori likija nyuma, si mahali pa kufundishia.

Kuhusu kumpanda mmoja huku ukimwongoza mwingine: wa pili awe mmoja tu, akae upande ulio mbali na magari, kichwa chake kiwe usawa wa goti lako. Panda aliyetulia zaidi. Kamba ya anayeongozwa usiifunge kwenye tandiko. Mahali pabaya pafike mapema akilini mwako kuliko kwa farasi, maana mstari wako sasa ni mpana mara mbili, na wa pembeni ndiye atakayesukumwa shimoni. Kwenye barabara iliyochoka sana mimi ningefanya safari mbili.

Hatua ya 5: Magari

Nilikuwa upande wangu kabisa, nikiamini lori lililokuwa linakuja lina upande wake. Halikuwa nao. Mbele yake kulikuwa na mashimo matatu mfululizo, na dereva akafanya kile ambacho ningefanya mimi nikiwa kwenye usukani: akahamia palipobaki lami. Palipobaki lami nilikuwa nimesimama mimi.

Tangu siku ile naisoma barabara mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya kwato, mara ya pili kwa ajili ya magurudumu. Kwenye barabara mbovu magari hayafuati upande, yanafuata uzima wa barabara. Kabla ya kila kundi la mashimo jiulize: dereva akija sasa hivi, atapita wapi? Kisha usiwepo hapo. Ukisikia gari na mbele yenu kuna mashimo, simama kabla ya kuyafikia, usisimame sambamba nayo, kwa sababu sambamba nayo ndipo nafasi ni finyu na ndipo gari litakapopinda, kutikisika na kurusha mawe.

Unaposimama kusubiri, mweke farasi mahali anapoliona gari likija. Aliyelipa mgongo jambo lenye kelele hurusha mateke au hukimbia mbele. Usimteremshe mtaroni kumficha. Akishtuka hana pa kwenda ila juu yako. Vumbi likiwa zito, baki umesimama mpaka litulie, kwa sababu nyuma ya lori la kwanza mara nyingi kuna la pili ambalo dereva wake haoni chochote. Pikipiki nazo hupita pale pembeni ulipodhani ni pako peke yako, kwa hiyo tazama nyuma kabla ya kubadilisha mstari hata kwa nusu mita.

Mpe dereva ishara mapema: mkono ulionyooshwa, kiganja kikishuka na kupanda taratibu, maana yake punguza. Akipunguza, mshukuru kwa mkono, au kwa kichwa kama mikono haina nafasi. Anayeshukuriwa atapunguza tena kesho.

Kisheria, usidhani uko nje ya kanuni za barabara. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamhesabu anayeongoza mnyama wa kupandwa au wa mizigo kuwa dereva, na nchi nyingi zinamtaka mpanda farasi aende upande uleule wa magari, si kuyakabili kama atembeaye kwa miguu. Madereva nao wana wajibu. Uingereza, tangu mabadiliko ya mwaka 2022, mwongozo wa barabara unawaelekeza wampite farasi kwa mwendo wa chini ya maili 10 kwa saa, yaani kama kilomita 16, na waache nafasi isiyopungua mita 2. Soma kanuni za mahali ulipo kabla ya kutoka, hasa kuhusu taa wakati wa giza.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika njiani

Akianza kuchechemea ghafla, shuka. Mwongoze hatua chache kwenye usawa na utazame kichwa: mguu wa mbele wenye maumivu ukigusa chini, kichwa huinuka, mguu mzima ukitua, kichwa huteremka. Inua ukwato. Mara nyingi ni jiwe, litoe, na akitembea sawa endelea kwa miguu kwa muda kabla ya kupanda tena.

Akipoteza kiatu, kagua misumari iliyobaki ukutani mwa ukwato, ufunge ukwato kwa kitambaa kinene na utepe wa kunata, na urudi ukimwongoza. Kiatu kilichopinda na kubaki nusu ni hatari kuliko kilichotoka. Kama hujui kukitoa, mzuie asitembee na uite fundi wa kwato.

Msumari uliochoma wayo una kanuni yake: usikimbilie kuung'oa. Daktari wa mifugo akiukuta mahali pake atajua umeelekea wapi na umegusa nini. Zungushia vitu vinene ili asiukanyage zaidi, piga picha, mwite. Kama haiwezekani kumzuia asiukandamize, uchomoe, lakini weka alama mahali ulipoingia, kumbuka urefu ulioingia na pembe yake, na utunze msumari wenyewe. Tundu hujifunga juu haraka na kuonekana si kitu, huku chini uchafu ukibaki ndani.

Akinasa topeni, shuka upande mgumu, legeza mkanda wa tumbo, toa tandiko kama unaweza bila kuingia mbele ya miguu yake. Mwache apumzike. Usimvute kichwa kwa nguvu, shingo haikuumbwa kuvutia mwili mzima. Chimba kuzunguka miguu, weka matawi au mbao mbele ya kwato, na umwelekeze alikotokea, kwa sababu huko unajua kuna ardhi. Akizama hadi tumboni, hiyo ni kazi ya watu wengi na daktari wa mifugo, wapigie simu mapema kabla nguvu zake hazijaisha.

Mkirudi

Chokonoa kwato tena, kwa uangalifu kuliko asubuhi. Osha tope miguuni na utafute mikwaruzo nyuma ya vifundo, ambako tope huficha. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Baada ya mapumziko ya kutosha yakiwa bado juu sana, ujue ama amechoka kupita kiasi ama kuna maumivu.

Kesho yake asubuhi, kabla hajatembea, pitisha kiganja kwenye kila mguu kuanzia goti hadi ukwato, na ulinganishe mguu na mwenzake. Ukwato mmoja ukiwa na joto kuliko wa pili, na ukihisi mshipa ukidunda kwa nguvu pale juu ya kifundo, usimtoe. Jiwe la jana linaweza kuwa limechubua ndani, na usaha huchukua siku kadhaa kujitokeza. Mwite fundi wa kwato au daktari, na mwambie ulipita barabara gani.